Besi Inayosikika kwa Taya

Kwamndolwa, Korogwe
Jumapili, mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Sauti yangu hii ya kwenye karatasi utaisoma yote, maana ile ya kwenye simu huwa inanitoka kama ya mtu anayenong'ona, mpaka unasema, "Nani huyo? Ongea bwana, salio linaisha!" Mimi ndiye yuleyule, Mama. Nikishika simu maneno yananikauka. Nikishika kalamu yanakuja.

Goti linaendeleaje? Mahindi ya bondeni yamesalimika, au nguruwe wameingia tena? Na Juma, anakwenda shule au bado ana homa zake za Jumatatu?

Mwilini mimi ni mzima. Mengine si mazima, ndiyo sababu ya barua hii. Mjomba Mhina anaumwa sana. Najua jina hilo likitajwa unasema mtandao unasumbua, halafu simu inakatika. Barua haikatiki. Ukitaka kuichana ichane, lakini nakuomba usome kwanza mpaka mwisho.

Alianguka asubuhi moja, wiki chache zilizopita, akiwa anachota maji kwenye pipa. Nilisikia kata inagonga saruji, nikatoka, nikamkuta amekaa chini ananiangalia kama mtu anayetaka kucheka upande mmoja. Ni kiharusi. Mkono wa kushoto haupo tena, mguu wa kushoto haupo, na maneno yake yanatoka yamelowa. Hospitali walimlaza, kisha wakaturudisha nyumbani. Daktari alinivuta pembeni akasema, "Mpeni anachopenda." Binamu zangu wa Dar na Morogoro wamepigiwa simu, wanasema wanatafuta ruhusa kazini. Kwa hiyo ni mimi, na jirani yetu mmoja anayenisaidia kumgeuza.

Mama, siku ile uliponisindikiza stendi nije Kidato cha Tano, uliniambia, "Kakae kwake kwa sababu hatuna pengine. Lakini salamu zake usiniletee." Nilikuja na maneno yale kifuani. Na nilipofika niliona una haki. Miezi yangu ya kwanza hapa Mjomba alikuwa hanijibu. Nikisema shikamoo, kimya. Nikiuliza, "Mjomba, nipike ugali au wali?" anajibu, "Haya." Haya nini sasa? Nikapika ugali, akala. Kesho yake nikauliza tena, "Haya." Nilikuwa nalia chooni kwa sababu hakuna chumba kingine chenye komeo. Nikasema moyoni, kweli huyu mtu anatudharau, aliyoyafanya kwenye msiba wa Baba hayakuwa bahati mbaya.

Sasa nikueleze kuhusu gitaa lake, maana bila hilo sitaweza kukueleza mengine.

Unakumbuka alikuwa akipiga besi kwenye bendi ya shamba la mkonge, enzi akiwa fundi wa mashine kiwandani. Besi ile shingo yake ilivunjika juu, pale penye kichwa. Mtu mwingine angeitupa. Yeye alikata kichwa chote, akazihamishia skrubu za kukazia nyuzi huku chini, kwenye makalio. Akang'oa vyuma vya shingoni nusu, ikabaki nusu yenye vyuma na nusu laini kama mgongo wa mwiko. Akaongeza nyuzi mbili nyembamba za gitaa la kawaida pembeni mwa zile nne nene. Mwisho akachonga pembe ya mninga, akaifunga kwenye kiwiliwili cha gitaa, pembe iliyopinda kuja juu mpaka inagusa taya la mpigaji. Ukiliona, kwanza unacheka. Halafu unatafuta kichwa.

Kila Jumapili wapenzi wa besi wanakuja barazani kwa ajili ya gitaa hilo. Wapo wawili wasiokosa. Mmoja ni Fundi Rajabu wa Chanika, ile ya huko kwetu, si ya Dar, anayesuka mota na kutengeneza maspika, Mzigua mwenzetu, anaongea kwa kelele kama bado yupo kwenye mashine zake. Wa pili ni Beno, mpiga besi wa kwaya hapa Korogwe, ambaye babu yake alikuja kukata mkonge kutoka kusini na hakurudi. Wanabishana mpaka kuku wanahama.

"Hili ni gitaa au punda?" Beno alisema siku ya kwanza niliyowasikia. "Kichwa hamna, mkia umejaa skrubu."

"Punda ndiye," akajibu Rajabu. "Mpe mzigo wowote, anabeba. Wewe na besi yako ya dukani mnajua kubeba nini? Haleluya tu."

Tangu hapo linaitwa Punda. Na kweli linabeba. Beno akipiga nyimbo za kwaya kwenye ile nusu laini, sauti inateleza kama ya mzee anayeimba peke yake shambani. Rajabu akirudi kwenye vyuma, ni dansi la zamani, kila noti imesimama wima. Zile nyembamba zinafanya kazi ya gitaa la pili. Vijana wakipita, Rajabu anagonga mbao kwa viganja, inakuwa singeli, na Beno anaziba masikio, "Mungu akusamehe!" Rajabu anarekodi na kutuma kwenye kundi lao la simu la wapiga besi, na huko watu wasiowajua wanagombana kama Punda ni besi au ni uchafu.

Umeme ukikatika, Jumapili ya watu wengine inakuwa imekwisha, kwa sababu gitaa la umeme bila umeme ni kibao. Hapa ndipo Mjomba anapocheka. Anaiweka pembe chini ya taya, anafumba macho, anaendelea. Sisi hatusikii kitu ila nyuzi zinakwaruza. Yeye anasikia yote kwa mfupa.

"Pisha taya lako, Mzee Mhina, na mimi nisikie!" Rajabu anamsukuma. Nao wanapokezana, wanaume wazima, wakiwa wamelalia kipande cha mti kama watoto wenye jino bovu.

Siku moja Rajabu akaniita na mimi. Nilikuwa nimekuja kutoa vikombe. Nikasema sitaki, akasema, "Mwali, hakikuumi." Nikaweka taya. Mama, sijui nikuambieje. Darasani walishatufundisha kwa Kiingereza kwamba sauti inapita kwenye kitu kigumu kwa kasi kuliko inavyopita hewani. Nilijibu vizuri kwenye jaribio, nikapata vema. Lakini sikuwa nimejua. Siku ile ndiyo nilijua, sauti ikiwa ndani ya meno yangu, na nje barabara kimya. Baada ya hapo nikawa najifunza wakiwa hawapo, bila spika, hakuna anayenisikia nikikosea. Kitu cha namna hiyo mimi ndicho nilichokuwa nakihitaji maisha yangu yote.

Halafu ikaja Jumapili ya uzi.

Mjomba alikuwa anapiga zile nyembamba, Beno anaimba. Katikati, uzi mmoja ukalegea. Ukawa unalia vibaya, kama mlango wa choo. Beno akanyamaza. Rajabu akanyanyua kichwa. Mjomba alikuwa amefumba macho, anatabasamu, anaendelea kuupiga uleule. Rajabu akaweka kidole mdomoni kutuambia tusiseme kitu. Beno akaendelea kuimba juu ya ule ubaya mpaka mwisho, na walipoaga hawakutaniana hata kidogo.

Walipokwenda, Mjomba alibaki na Punda mapajani, pembe tayani. Nikainama kuukaza ule uzi. Skrubu ziko chini, kwa hiyo kidevu changu kilikuwa kimeegemea mbao. Nikajisemea mwenyewe, kwa ile sauti yangu isiyofika popote, "Maskini Mjomba."

Akashtuka. "Maskini nani?"

Nikataka kuinuka.

"Sema tena. Usitoe kidevu. Sema."

"Shikamoo, Mjomba," nikasema. Hicho ndicho kilichonijia.

Macho yakamjaa machozi. "Marahaba. Kumbe una sauti! Nzito, kama ya mama yako akiwa kwenye kinu."

Mama, Mjomba ni kiziwi.

Si kwa kuzaliwa na si kwa uzee. Ni ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, aliyosimama pembeni yake tangu ujana. Aliniambia sauti hazikuondoka zote kwa pamoja. Ndege waliondoka kwanza, halafu watoto, halafu wanawake wote. Wanaume wenye sauti nene kama Rajabu walibaki, ukichanganya na kuwaangalia midomo. Ndiyo maana aliacha gitaa akashika besi, akawa anafuata sauti chini zinakokimbilia, na ndiyo maana ule uzi mwembamba ulipolegea hakuusikia. Ndiyo maana alichonga ile pembe. Wapenzi wake wanadhani ni ubunifu. Uziwi aliuficha kwa sababu alikuwa anaona wenzake kiwandani wanavyoachishwa kazi wakishasemwa hawasikii, na alishazoea kuficha hata kazi ilipokwisha. Akiongeleshwa anasema "Haya." Akiona mtu anacheka, anacheka. Mimi nilidhani hanijibu kwa dharau, na yeye alidhani amepewa mpwa asiyeongea. Tumeishi nyumba moja hivyo, kila mtu anamwonea mwenzake huruma na hasira.

Nikamuuliza kupitia mbao, "Na simu ya Mama, ile ya msiba wa Baba?"

Hapo alitoa taya. Kisha akanieleza, na akaniomba nisikuambie. Namvunjia ahadi leo, na nikikutana na dhambi yake nitaibeba.

Ulimpigia yeye mwenyewe. Msiba wa shemeji hauwi wa meseji kwa kaka mkubwa, unasemwa kwa mdomo, na wewe ulifanya inavyotakiwa. Ukamwambia Baba amefariki, mnazika kesho. Yeye kwenye simu aliona jina lako tu. Sikioni hakupata hata neno moja. Alifikiri ni salamu kama siku zote, akajibu kama siku zote: "Haya dada, haya. Wasalimie wote huko."

Neno hilo, "wasalimie", nimekusikia ukilirudia tangu mwaka juzi. Nakumbuka ulivyoketi kwenye mkeka unaangalia njia. Nakumbuka shangazi waliposema bila kuficha, "Huyu mke kwao hakuna mwanamume?" na sisi watoto tulisimama kaburini bila mjomba wa kutushika bega. Ndugu wengine hawakumpigia kwa sababu kila mmoja alijua wewe dada yake umeshamwambia.

Alipata habari sokoni Korogwe, kwa mtu wa huko nyumbani Kwamsisi aliyemshika mkono na kumpa pole. Akauliza, "Pole ya nini?" Aliniambia, "Sauda, nilikaa chini pale pale kwenye magunia ya machungwa. Nikasema niende. Nikaseme nini? Kwamba nimepigiwa simu ya msiba nikajibu wasalimie? Niseme mimi ni kiziwi, mbele ya wakwe zake? Kila siku nikasema kesho. Halafu nikaona aibu imekuwa kubwa kuliko mimi."

Sikuletei maneno haya ili nimtetee. Angeweza kupanda gari. Angeweza kuandika. Hata mimi nilimkasirikia, nikakaa siku nzima bila kugusa Punda. Lakini kesho yake asubuhi nikaweka kidevu nikamsalimia, kwa sababu nilijua nisipofanya hivyo hakuna mtu mwingine wa kumsalimia akasikia.

Basi tukawa tunaongea hivyo kila siku. Jirani walikuwa wanacheka, "Hawa wanabusu gitaa." Alinifundisha kubonyeza nyuzi kwa mkono wa kushoto, alinisimulia mlivyokuwa wadogo, ulivyomficha kwenye ghala alipovunja mtungi wa bibi. Kila mara alikuwa anauliza kitu kimoja, "Mama yako bado anatwanga mwenyewe?" Namwambia siku hizi kuna mashine ya kusaga, lakini mpunga wa kula unautwanga. "Na bado anaguna ule wimbo wake?" Namwambia bado. Basi, ameridhika.

Jumapili moja Beno aliuliza kwa utani, "Mzee, ukienda zako, Punda ataenda kwa wanao Dar?" Rajabu akamrukia, "Wewe Beno umezaliwa hapa hapa lakini hujui kitu. Kwetu mpwa ndiye mwenyewe, ndiye anayerithi." Mjomba akawasoma midomo, akanyoosha kidole kwangu. Halafu akasema, "Lakini mama yake awepo nikimkabidhi." Tukacheka. Ilikuwa kabla ya ile asubuhi ya kata.

Sasa hivi Punda amelala naye kitandani. Wiki ya kwanza alikuwa anaweza kuzibonyeza nyuzi kwa mkono wa kulia peke yake, na gitaa la umeme ukilibonyeza kwa nguvu linalia, halihitaji mkono wa pili. Rajabu alileta spika ndogo, Mjomba akapiga dansi la vidole vitatu. Beno akasema, "Ona, punda hata mwenye mkono mmoja anapanda." Rajabu alitoka nje akasema anaangalia pikipiki kama imefungwa. Ilikuwa imefungwa. Nilimwona dirishani ameegemea tangi, mabega yanamtikisika.

Wiki hii hata kubonyeza amechoka. Uji anakunywa kidogo sana, mwingi unarudi. Kazi iliyobaki kwa Punda ni ya sikio. Namlaza kifuani kwake, pembe kwenye taya la kulia, na mimi naweka kidevu upande wa pili nimsalimie, nimwambie kama mvua imenyesha, nimsomee dua. Sijui ni nani mwingine duniani aliyewahi kuitumia besi hivyo. Wale wa kwenye kundi la simu wanaobishana wangekuja wakaona.

Mama, sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike.

Jana alasiri Beno alikuwepo. Nilikuwa nimeweka kidevu, nimemaliza kusema shikamoo. Mjomba akafumbua macho, lakini hakuniangalia mimi. Akasema, maneno yamelowa lakini yalieleweka vizuri, "Dada. Umekuja."

Sikukitoa kidevu.

"Dada. Umenisamehe?"

Beno akanisogelea, akanong'ona, "Mjibu."

Nikatikisa kichwa.

"Sauda, mjibu ndiyo. Sauti si anasema ni ya mama yako? Atajuaje? Mtu apumzike."

Ningeweza, Mama. Neno moja tu, kidevu kilikuwa tayari kwenye mbao. Wewe unanijua, maisha yangu yote nimeshindwa kusema vitu kwa aibu. Naapa jana haikuwa aibu. Nilishindwa kwa sababu ule msamaha haukuwa wangu. Aliyekaa kwenye mkeka akiangalia njia ni wewe. Nikitoa mimi, nitakuwa nimekuibia wewe na nimemdanganya yeye, wote wawili kwa pigo moja. Nikatoa kidevu. Aliendelea kuuliza kidogo, kisha akalala. Beno aliondoka bila kuniaga.

Leo asubuhi ameuliza tena. Nimeguna tu ule wimbo wako wa kinu, nusu yake, maana nusu nyingine siijui. Akatulia. Lakini siku mbili, tatu, sina hakika nitaweza kukaa kimya. Usipokuja, Mama, nitamjibu mimi. Nitasema ndiyo kwa sauti yako, na nitaishi na hiyo ndiyo mpaka nife.

Fundi Rajabu anaondoka sasa hivi kurudi Chanika, yeye ndiye atakayeifikisha barua hii mpaka Kwamsisi mkononi mwako. Amesema ukikubali anakupakia siku hiyo hiyo. Usimwogope kwa kelele zake, ana moyo laini.

Ukifika usipige hodi, hatasikia. Ingia, pita kulia, upande wa mkono mzima. Usipaze sauti. Watu wote wanapaza, sauti inapanda kuwa nyembamba, na ndipo wanapompotea. Weka kidevu kwenye mbao, chini ya nyuzi, pale rangi ilipolika, ongea kwa ile sauti ya kinu. Kama huna cha kusema, mgunie ule wimbo wote. Kama hujamsamehe, mwambie hujamsamehe. Hilo pia angalau atalisikia kutoka kwako.

Msalimie Juma, mwambie zile homa zake nazijua. Msalimie Bibi, mama yake Baba, mwambie kikoi alichonipa ndicho ninachomfunikia mgonjwa. Mama mdogo na watoto wake. Mwalimu wangu wa madrasa, namwomba dua. Shangazi zangu pia nawasalimu, na ukipenda wape karatasi hii waisome mstari kwa mstari.

Salamu za Mjomba sikuletei, kama ulivyoniagiza. Zipo hapa kitandani. Njoo uzichukue mwenyewe.

Mwanao ninayekungoja mlangoni,
Sauda